Mfuo kwenye Kucha za Chiriku

Je, umewahi kuzitazama kucha zako vizuri, si kwa sababu mwalimu wa zamu anapita na rula, bali kuzitazama tu? Hebu zisogeze dirishani. Utaona kwamba ukucha hauna rangi moja. Nchani pana ukingo mweupe, ule tunaoukata. Katikati pana wekundu hafifu, kwa sababu ya damu inayopita chini yake. Na huko nyuma, karibu na ngozi, hasa kwenye kidole gumba, utaona kitu kama mwezi mdogo uliochomoza nusu. Ukumbuke mwezi huo, maana tutaurudia.

Kulikuwa na msichana wa darasa la sita aliyezitazama kucha zake kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso. Wote waliomjua walimwita Chiriku. Jina hilo alipewa na mama yake, kwa sababu alianza kuongea mapema na hakujua pa kunyamazia. Sasa jina lilibaki jina tu. Chiriku alikuwa haongei.

Kila siku aliamka, akakunja shuka, akabandika chai jikoni. Baba yake alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo, kwa hiyo chai ilinukia mbao hata kabla haijachemka. Sakafu ya karakana ilijaa maranda, yale maganda ya mbao yanayojikunja randa inapopita. Mama alikuwa akiyafagia jioni huku akilalamika, "Nimeolewa na mtu au na msitu?" Baba alicheka kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anausikia mzaha huo.

Jikoni palikuwa na vigoda vitatu ambavyo baba alivitengeneza mwenyewe. Kimoja kilikuwa na mguu mfupi kidogo, kikicheza ukikikalia. Hicho kilikuwa cha mama, naye hakukubali kirekebishwe. Alisema kinambembeleza. Sasa kilisimama pembeni ya meko na hakuna aliyekikalia wala aliyekiondoa.

Mama alikuwa amekufa. Aliugua muda mrefu, akapata nafuu, wakafurahi, kisha akaanguka tena na hakuinuka. Jeneza lake alilitengeneza baba kwa mikono yake, mlango wa karakana ukiwa umefungwa. Tangu walipotoka makaburini, neno "mama" halikutamkwa tena ndani ya nyumba ile. Mara chache Chiriku alijaribu. Alisimama mlangoni mwa karakana na kuanza, "Baba, unakumbuka ile siku..." Baba aliinama upesi, akashika randa, na mlio wa randa ukaimeza sentensi yake. Baada ya hapo akaacha kujaribu.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu zile kucha.

Mama alipokuwa kitandani, kazi ya kumkata kucha ilikuwa ya Chiriku. Alikuwa na mkasi mdogo wenye ncha butu, na alipenda kazi hiyo, kwa sababu mama alifumba macho na kuonekana amestarehe. Siku moja aliona kwenye kila ukucha wa mama mfuo, yaani kijimtaro chembamba kilichopita kwa upana, kutoka ubavu huu hadi ubavu ule. Mfuo ule ulikuwa umekaribia nchani.

"Mama, hiki ni nini?"

"Uzee huo, mwanangu," mama alijibu, akatabasamu. Hakuwa mzee hata kidogo.

Juma lilelile mama akafariki.

Siku nyingi baadaye, Chiriku akiwa anaosha vyombo, aliona kitu kwenye kucha zake mwenyewe. Karibu kabisa na ngozi, mahali pale penye mwezi mdogo, palikuwa na mfuo. Akasugua, akidhani ni masizi. Haukutoka. Akatazama kidole cha pili, cha tatu, akahamia mkono wa pili. Vyote vilikuwa nao. Sufuria ikamponyoka, ikazunguka sakafuni ikipiga kelele, na baba akauliza kutoka karakanani, "Kumeanguka nini?"

"Sufuria, baba."

"Imevunjika?"

"Sufuria haivunjiki, baba."

Ndivyo walivyoongea siku hizo. Kuhusu sufuria.

Usiku wala mchana Chiriku hakuwa na raha tena. Aliona mfuo ukihama. Kwanza uliiacha ngozi, kisha ukaupita ule mwezi, kisha ukaanza safari ya kwenda nchani, polepole lakini bila kusimama. Yeye alijua, au alidhani anajua, maana yake. Wa mama ulipofika nchani, mama alikufa. Wake ukifika, zamu itakuwa yake.

Kwa nini hakumwambia baba? Kwa sababu siku ya mazishi alimsikia baba akimwambia jirani, "Huyu mtoto naye akipatwa na jambo, mimi mnizike siku hiyohiyo." Chiriku aliyashika maneno hayo. Akaamua kwamba baba asijue. Akaanza kukunja ngumi mezani, akala kwa vidole vilivyofichwa, akaacha kunyoosha mkono darasani hata kwa maswali aliyoyajua.

Rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, msichana ambaye darasa zima lilimwita Redio kwa sababu habari zote zilianzia kwake, aliona.

"Wewe, mbona unashika kalamu kama unaficha pipi?"

"Niache."

"Nipe basi na mimi kipande!"

"Nimesema niache!" Redio akashangaa, maana Chiriku hakuwa mtu wa kufoka. Hakumsemesha tena mpaka kengele ya kutoka.

Mtoto wa mvuvi angewaza dawa nyingine, na mtoto wa mpishi nyingine. Mtoto wa seremala aliwaza msasa. Tangu utoto alimwona baba akichukua ubao wenye mikwaruzo na mifuo, akausugua kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, mpaka mkono ukipita juu yake hausikii kitu. Basi akaenda karakanani baba akiwa ametoka, akakata kipande cha msasa laini, akajifungia chooni na kuanza kusugua ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Alisugua kwa kufuata urefu, kama alivyofundishwa kusugua mbao. Vumbi jeupe likaanguka. Baada ya muda mfuo haukuonekana, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alipumua vizuri.

Lakini juma lililofuata mfuo ulionekana tena, maana hakuwa ameumaliza wote. Akasugua tena, na tena. Kucha za mkono wa kushoto zikawa nyembamba kama karatasi. Maji ya moto yalimchoma, chumvi ilimchoma, hata kufunga vifungo vya shati la shule kulimtoa machozi. Na mfuo uliobaki uliendelea kwenda. Za mkono wa kulia hakuweza kuzisugua sawasawa kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa mzito, kwa hiyo huko aliuona wazi kila asubuhi, umekwisha kuvuka katikati ya ukucha.

Baba aligundua msasa wake umekatwa.

"Chiriku, nani amegusa msasa wangu laini?"

"Sijui, baba. Labda panya."

Baba akakigeuza kile kipande kilichobaki. "Panya huyu ana adabu sana. Amekata kwa kunyoosha." Alimtazama kidogo, kana kwamba anataka kuongeza neno. Kisha akarudi kwenye kazi yake, na Chiriku akabaki amesimama na uongo wake mdomoni.

Jumatatu, kama ilivyo shule nyingi, ilikuwa siku ya ukaguzi wa usafi. Wanafunzi walijipanga mistari, mikono mbele, na mwalimu wa zamu akapita na rula. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, lakini hakuwa mkali kama alivyopenda kuonekana.

"Wewe, hizo kucha unalimia? Kazikate. Wewe, safi. Wewe, hilo tope ni la jana au la kuzaliwa nalo?" Watoto wakacheka. Akafika kwa Chiriku. "Haya, mikono."

Chiriku alinyoosha ngumi.

"Fungua."

"Zimekatwa, mwalimu."

"Sikuuliza kama zimekatwa. Fungua."

"Amepaka rangi huyo!" mmoja nyuma akasema. "Bibi harusi!" Kicheko kikapita mstari mzima.

Chiriku akafungua. Kicheko kikakatika. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimevimba kuzunguka kucha, vyekundu, na kidole gumba na cha shahada vilikuwa na usaha pembeni. Ukucha wa kidole cha kati ulikuwa umepasuka hadi karibu na nyama. Redio, aliyekuwa amesimama jirani yake, akaweka mkono mdomoni.

Mwalimu akashusha rula. "Nini hiki, mwanangu?"

"Nilibanwa na mlango."

"Mlango gani huo unaobana mtu vidole vyote?" Lakini hakungoja jibu. Akamshika begani, akamtoa kwenye mstari, na kumtuma mwanafunzi mkubwa kwenda kumwita seremala.

Baba alikuja na vumbi la mbao kwenye nywele, mbio, bila kuvua aproni. Wakaenda kituo cha afya wakipita barabara ya sokoni, baba mbele, Chiriku nyuma, mikono ameishika kifuani. Kwa Chiriku ilikuwa ni njia ileile waliyopita na mama, na benchi walilokaa kungoja lilikuwa lilelile. Akawaza, basi ndivyo inavyoanza.

Muuguzi aliyewapokea aliwafahamu. Ndiye aliyemhudumia mama. Aliiweka mikono ya Chiriku juu ya kitambaa safi chini ya taa, akainama.

"Nani kakufanyia hivi?"

Baba akasogea, akakishika kidole kimoja taratibu na kukiinamisha kwenye mwanga, kama anavyokagua ubao.

"Hii ni kazi ya msasa," akasema. "Msasa laini. Umepita kwa kufuata urefu, hivi ninavyofanya mimi." Akamgeukia binti yake. "Chiriku. Nani?"

"Mimi mwenyewe, baba."

"Kwa nini?"

"Na nilikudanganya kuhusu panya. Na mwalimu nimemdanganya kuhusu mlango." Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye kitambaa. "Nilikuwa nautoa mfuo. Mama alikuwa nao. Ulipofika nchani akafa. Na mimi ninao, tazama, huu hapa, umevuka katikati. Sikutaka ujue. Ulisema wakuzike... ulisema nikipatwa na jambo..."

Hakuweza kumaliza. Baba alikaa chini kwenye kiti cha wagonjwa. Muda huo wote binti yake alikuwa akiishi naye nyumba moja, akila naye sahani moja, akingoja kufa, naye hakujua.

Muuguzi hakucheka wala hakumkemea. Alivuta kigoda.

"Nipe huo mkono wa kulia, ambao hujauranda. Sasa tutazame wote. Ukucha unazaliwa wapi?"

"Nchani," Chiriku alijibu kwa kwikwi. "Si ndiko unakorefuka?"

"Wengi wanadhani hivyo. Nchani ndiko unakoishia. Unazaliwa huku nyuma, chini ya ngozi hii, kwenye mzizi. Huu mwezi mweupe unaouona ni sehemu ya mzizi inayochungulia nje. Mzizi ni mwili hai. Hutengeneza ukucha mpya siku zote, na ule mpya huusukuma ule wa zamani mbele, juu ya nyama hii laini tunayoiita kitanda cha ukucha. Ukishatoka nje, ukucha wenyewe hauna uhai tena. Ndiyo maana ukiukata hausikii kitu. Umetengenezwa kwa kitu kilekile kilichotengeneza nywele zako, na kwato za ng'ombe."

"Kwato?" Chiriku akauliza, akasahau kulia kidogo.

"Kwato. Usimwambie mtu. Na huu utando mwembamba wa ngozi hapa nyuma ni mlango. Unazuia uchafu usiingie kwenye mzizi. Wewe umeukwangua kwa msasa, vijidudu vikaingia, ndio usaha huu. Haya, sasa niambie, baada ya mazishi ya mama yako uliugua?"

Baba ndiye aliyejibu. "Homa kali. Siku kadhaa alikuwa hajitambui. Hakula, hakunywa ila maji ya kijiko."

"Basi mfuo ni huo," muuguzi akasema. "Mwili ukibanwa na homa kali au njaa, huacha kwanza shughuli zinazoweza kungoja. Mzizi wa ukucha ukasimama kufanya kazi. Ulipopona, ukaanza tena. Pale uliposimama pakabaki alama, na kwa sababu ukucha huenda polepole, alama imechelewa kuonekana. Tazama nyuma ya mfuo, upande wa mwezi. Kukoje?"

Chiriku akapitisha kidole. "Ni laini."

"Huo ni ukucha uliotengenezwa baada ya kupona. Mfuo hauleti ugonjwa, mwanangu. Ni habari za ugonjwa uliokwisha pita. Unavyozidi kwenda nchani, ndivyo unavyozidi kuondoka."

"Na wa mama?"

Muuguzi akamtazama baba, baba akaitikia kwa kichwa.

"Wa mama yako ulikuwa wa ule ugonjwa wa kwanza, alioupona. Nao ulikuwa ukiondoka. Kilichomchukua ni moyo wake, uliochoka, na moyo haukusomeka kwenye kucha. Hakukuambukiza kitu. Na kumkata kucha kwako hakukumdhuru. Kulimfariji. Aliniambia hivyo."

Chiriku alilia tena, na safari hii baba alimshika.

Muuguzi alisafisha vidole, akatoa usaha, akapaka dawa na kuvifunga kimoja kimoja. Aliwapa vidonge, akasisitiza vimalizwe vyote hata vidole vikipona mapema. Akasema kucha zisisuguliwe, zisitafunwe, zikatwe kwa kunyooka, na ule utando wa nyuma uachwe salama. "Na ukiona tena jambo geni mwilini mwako, ukucha, ngozi, jicho, lolote, usijitibu kwa vifaa vya karakana. Mlete kwangu mwenye jambo hilo. Na mwenye jambo ni wewe."

Wakati wa kutoka akamwambia baba kwa sauti ya chini, "Mtoto alikuogopa wewe kuliko kifo, ndugu yangu. Si kwa ukali wako. Kwa huzuni yako."

Ukucha wa mkononi huchukua kama nusu mwaka kukua wote, kutoka mzizini hadi nchani. Za miguuni huchukua muda mrefu zaidi. Chiriku alingoja. Sitawadanganya kwamba hofu iliisha siku ileile. Asubuhi nyingine aliamka moyo ukimdunda, akakimbilia dirishani. Shuleni alimwomba mwalimu radhi kwa uongo wa mlango. Redio alimbebea mkoba mpaka vidole vilipofunguliwa, akawatangazia wote kwamba kucha ni ndugu wa kwato, na kwa siku kadhaa watoto walikuwa wakilia kama ng'ombe kwenye mstari wa ukaguzi.

Mfuo ulifika nchani alasiri moja yenye joto. Chiriku aliingia karakanani na ule mkasi mdogo wenye ncha butu. Ulikuwa haujatumika tangu siku zile.

"Baba, umefika. Naogopa kuukata."

Baba akaweka randa chini. Akafuta mikono, akaenda jikoni, na kurudi amebeba kigoda chenye mguu mfupi. Akakalia maranda yeye, akamkalisha binti yake juu ya kigoda kile. Kikacheza kidogo. Akashika kidole gumba cha kulia na kukata. Kipande chenye mfuo kikaanguka kwenye maranda, kisionekane tena. Akakata cha pili, cha tatu. Hakuna kilichotokea. Nje, mtu alipita akipiga mluzi.

"Nikwambie jambo," baba alisema, bila kuinua macho. "Ubao naupiga msasa kwa sababu umekwisha kukatwa, haukui tena. Ukikwaruzwa, hauna njia nyingine. Wewe unakua. Kinachokuuma hakitoki kwa kusuguliwa juujuu ili watu wasione. Kiseme, kwangu, kwa mwalimu, kwa muuguzi, kitibiwe kilikoanzia. Uongo wako ulikuuguza kuliko ile homa. Na kunyamaza kwangu pia. Kila ulipotaka kusema nami, nilishika randa. Nilikuwa nakusikia, mwanangu. Nilikuwa nasikia kila neno."

Akakata cha mwisho, akaufunga mkasi.

"Randa iko chini. Sema ulichokuwa unataka kusema."

Chiriku alitazama mikono yake, kisha kile kigoda. Ilimchukua muda, kwa mtu aliyepewa jina la ndege asiyejua kunyamaza.

"Nataka tumtaje mama," akasema. "Humu ndani. Kwa sauti. Kila siku."